Chumvi ya Alasiri

Mwezi 1, Mfunguo Nne

Nadhira, huna haya. Idi mbili zimepita, ya kufungua na ya kuchinja, na kila moja nilikuwekea paja la kuku mpaka likachacha nikampa paka. Unasomesha watoto wa watu huko Unguja, najua. Lakini boti zinakuja kila wiki, watu nawaona wanashuka na magodoro na mafriji. Wewe huna godoro wala friji, una miguu tu, na imekushinda.

Buku hili uliniachia mwenyewe. Ulisema, "Bibi, niandikie, simu zako zinakatika." Haya, naandika. Skuli sikutia mguu hata siku moja, lakini chuoni nilihitimu, na herufi za msahafu zinabeba Kiswahili vizuri tu. Ukipata tabu kuusoma mwandiko wangu, tabu hiyo ni haki yako.

Leo Suhaib amekuja na gari kutoka Konde. Huyu ndiye anayenunua chumvi yetu na kuwapelekea wachemsha dagaa. Safari hii hakupakia, ameshusha. Viroba vyote tulivyompa mwezi uliopita kavirudisha, kavilaza mbele ya banda letu kama maiti wanaongoja sala.

"Bi Mwanawema," akanambia, "dagaa wametoka wachungu, watu wamenitukana. Na chumvi yenyewe inalia. Nikiiweka ndani inalowesha sakafu."

Nikaonja, nikatema. Miaka hamsini natengeneza chumvi hapa Pujini, sijapata kutema ya mikono yangu.

Na Silima alikuwepo, kasimama na kamba yake ya kupimia. Ardhi ni yake. Babake, Mzee Msellem, Mungu amrehemu, alitupa sisi wanawake majaruba haya ya kukaushia maji ya bahari kwa neno moja: ni yenu maadamu mnatoa chumvi. Silima anataka kuyachimba mabwawa afuge samaki.

"Mama zangu," akasema, "chumvi isiyolika si chumvi. Nawapa mpaka Maulidi. Suhaib akiikataa tena, nachimba."

"Silima," nikamwambia, "mimi nilikuogesha ukiwa huna meno. Usinifiche kwenye neno mama zangu. Niite kwa jina langu, kisha useme unanifukuza."

Akaangalia viatu vyake. Jina langu hakulitaja.

Mpaka Maulidi ni miezi miwili na siku kumi na moja.

Mwezi 2

Kusi inavuma. Asubuhi magoti yananiuma kwa baridi. Hukupiga simu.

Mwezi 4

Umekaa mjini umesahau, kwa hiyo nakukumbusha. Maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, yanaingia jaruba kubwa. Jua linayanywa, tunayahamishia jaruba la pili, linayanywa tena, la tatu, na kila yanapohama yanazidi kuwa makali. Tukitia yai likaelea na kutoa kipaji cha uso, tunayapeleka majaruba ya mwisho, yale madogo. Humo ndimo chumvi inapokaa chini, nyeupe, na sisi tunaivuta kwa reki.

Tangu zamani tulikuwa tunavuta alasiri. Ramadhani ya mwaka huu Kauthar, ndiye katibu wetu siku hizi, akasema watu wamefunga, jua la alasiri litawaua, tuvute baada ya sala ya alfajiri. Nami nilikubali, sitaki kusema uongo. Ramadhani ikaisha, masika ikatufungia kazi. Kipupwe tumerudi, na hakuna aliyerudi alasiri. Alfajiri kuna ubaridi, mtu anavuta huku kajitanda kanga mbili, kabla watoto hawajaenda skuli yuko kwake. Wameipenda.

Kisha wameongeza jengine. Zamani chumvi ikishavutwa, maji yaliyobaki tukiyafungulia yarudi baharini. Sasa wanasema, kwa nini tumwage maji ambayo jua limeshayafanyia kazi? Wanayaacha, wanaongeza mengine juu yake.

Mimi nasema chumvi ya alfajiri si ile. Sijui kwa nini si ile. Mkono wangu ndio unaojua.

Mwezi 7

Leo simu imekubali, na bora isingekubali.

Nimekwambia habari ya alfajiri na alasiri. Ukacheka kidogo, nimekusikia. Ukasema, "Bibi, chumvi si kama sukari. Maji ya moto na maji ya baridi yanaiyeyusha karibu sawasawa. Chumvi haijali joto. Imeandikwa kwenye kitabu ninachosomeshea. Wakati wa kuvuta hauna kosa lolote."

Umesema kwa sauti ile ya darasani. Simu ilipokatika ukadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao, nilikata mimi.

Mwezi 10

Nimefunga. Sina la kukwambia.

Mwezi 16

Msiba. Kauthar kasema kama chumvi ina uchungu, tuioshe. Nikasema kuosha sawa, lakini kwa maji gani? Akasema maji ya kisima, kwani kuna maji gani safi zaidi? Wakaimimina chumvi yote iliyorudishwa kwenye mapipa, wakajaza maji ya kisima, wakakoroga kama wali wa harusi. Walipoyamwaga maji, viroba vinane vilikuwa vimebaki vitatu. Vitano vimekwenda na maji. Na vile vitatu vimetota, vinanata.

Kauthar kakaa chini juu ya kiroba kitupu, kaziba uso kwa ushungi.

"Maji ya kisima yana njaa," nikamwambia. "Hayajala chumvi maisha yao. Umeyakaribisha karamuni ukataka yasile?"

"Bi Mwanawema, na hilo ungelisema kabla."

"Nililisema. Ulikuwa unatazama jua, unataka kukimbia nyumbani."

Maana ndivyo alivyo. Kila siku jua likipanda kidogo tu, Kauthar keshashika njia. Mvivu. Nimemnunia tangu Idi na leo nimemnunia upya.

Mwezi 18

Kikao. Wamekaa kumi na moja, mimi wa kumi na mbili. Kauthar kaanza na "bibi yetu kipenzi", nikajua kuna kisu nyuma ya maneno hayo.

"Bibi yetu kipenzi kachoka. Tumeonelea apumzike, fungu lake atapelekewa nyumbani."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Magoti yako, bibi."

"Magoti yangu yamekwambia lini? Mimi yananambia mengine."

Wakacheka, lakini uamuzi ukabaki pale pale. Nikasimama. Nikawaambia jaruba la mwisho kabisa, lile la upande wa mikoko, nililichimba kwa mikono yangu nikiwa na mimba ya mama yako. Hapo sitoki. Nitalivuta peke yangu, alasiri, na maji yake nitayamwaga. Atakayetaka kunitoa aje na Silima, aje na kamba yake, anifunge nayo.

Nimerudi nyumbani nikala mihogo miwili kwa hasira.

Mwezi 21

Nimevuta. Mgongo.

Mwezi 22

Mgongo.

Mwezi 27

Chumvi yangu ya alasiri haina uchungu. Ya kwao inao. Nimewapelekea waonje, wakasema jaruba lile lina bahati. Bahati! Miye natoka jasho mpaka kwenye kope, wao wanasema bahati.

Mwezi 3, Mfunguo Tano

Hapa, Nadhira, kaa uzuri usome.

Juzi palikuwa na hitma ya marehemu babu yako. Nikakaanga kaimati. Shira nikaipika nzito, sukari nyingi kwa maji kidogo, kwenye moto ikamumunyika yote, ikang'aa kama asali. Iliyobaki nikaitia kwenye chupa ya jemu. Leo asubuhi, kwa baridi hii, nimeikuta sukari imekaa chini ya chupa, mawe mawe. Ilikuwa majini, sasa imetoka. Nikaibandika chupa kwenye sufuria la maji ya moto. Ikarudi majini. Nikaitoa nje, ikapoa, ikatoka tena.

Miaka yote hii naiona shira ikifanya mawe, na kazi yangu ilikuwa kulaani chupa. Leo ndiyo nimekaa nayo kama mtu anayemsikiliza mgeni. Maji yakiwa ya moto tumbo lao linapanuka, yanakula sukari nyingi. Yakipoa tumbo linabana, yanatapika yaliyozidi.

Nikasema haya, na chumvi? Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikakoroga, nikatia, mpaka yakakataa, chumvi ikabaki chini haiendi popote. Nikamimina yale ya juu kwenye bilauri, safi, nikayaacha yapoe.

Mwezi 4

Bilauri ya chumvi: chini kumekaa kidogo tu, kama vumbi la unga. Basi ulisema kweli. Chumvi haijali joto. Nimekasirika kuona ulisema kweli, lakini naandika.

Sasa kama chumvi haijali, mkono wangu unajua nini?

Mwezi 6

Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Leo alasiri nikishavuta chumvi yangu, kabla ya kuyafungulia maji yaliyobaki, nikachota bakuli zima. Yalikuwa ya moto, yananata, kwenye kidole kama mafuta. Nikayachuja kwa kitambaa, hakuna hata punje moja ndani. Nikaliweka bakuli juu ya ukuta wa uani, nikalifunika kawa.

Mwezi 7

Sindano, Nadhira. Bakuli limejaa sindano. Nyembamba, ndefu, zinapitisha mwanga. Si chumvi, chumvi ni visanduku. Nikachukua moja nikaweka ulimini. Shubiri. Uchungu ule ule wa viroba vya Suhaib.

Nikaketi pale pale kwenye ngazi. Basi ndani ya maji ya bahari chumvi haikai peke yake. Ina mwenzake mchungu, na huyo mchungu anaijali baridi. Mchana jua likiwa kali, maji ni ya moto, mchungu anabaki majini, chumvi peke yake inakaa chini. Usiku maji yanapoa, mchungu naye anatoka, anaikalia chumvi juu. Wanaokuja alfajiri na reki wanawavuta wote wawili. Na kwa kuwa maji hawayamwagi, kila wiki mchungu anazidi kuwa mwingi. Ramadhani maji yalikuwa mapya na kulikuwa na joto, ndiyo maana haikutudhuru. Kipupwe kimetuumbua.

Kitabu chako hakikusema uongo. Kilizungumza habari ya mmoja, na ndani ya maji wako wawili.

Nimelifunika bakuli, nakwenda kwa Kauthar. Nitamtia sindano hizi mdomoni moja moja.

Siku hiyo hiyo, jioni

Sikumtia.

Nyumba yake sijaingia tangu Idi. Nilisikia ana mgeni, mama yake kaja kutoka Mtambile, na sikwenda kumkagua, kwa sababu nilikuwa nimemnunia mwanawe. Nimepiga hodi, sauti ikanambia pita. Nimepita. Mama mtu yuko kitandani, Bi Mwatum, upande mmoja umepooza, mdomo umekwenda kando. Kauthar kapiga magoti anamgeuza, kamsafisha, kamgeuza tena. Mwanamke mwembamba yule, peke yake. Ndani mna harufu ya sabuni na mafuta ya nazi. Hapana uchafu hata wa sarafu.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu baada ya Idi, Bi Mwanawema. Alfajiri shangazi yangu huniangalizia kabla hajenda shamba. Jua likipanda huwa hana mtu."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ungenionea huruma. Nimezoea ukinitukana."

Nadhira, mimi ndiye niliyefungua buku hili kwa kukusuta wewe kwa kutokuja. Wewe bahari inakuzuia. Mimi nilizuiwa na chaka la michongoma lililo kati ya nyumba yangu na yake.

Nikaliweka bakuli chini, nikamshika Bi Mwatum upande wa pili, tukamgeuza wawili. Akanitazama kwa lile jicho lake zima, akasema polepole, maneno yakigongana, "Mkono wako mzito. Kama... unakanda udongo."

"Udongo haulalamiki," nikamwambia. Akacheka nusu ya uso, nusu ile ilitosha.

Kisha ndipo nikamwonesha Kauthar sindano. Kaonja moja, kaitema kiganjani.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeleta alfajiri."

"Uliileta na mimi nikaipokea. Sasa tunairudisha. Kuanzia kesho alasiri mimi niko hapa na mama yako, wewe uko kwenye jaruba langu na reki yangu."

"Umesema hutoki kwenye jaruba lile."

"Nimesema sitolewi. Kutoka mwenyewe ni jambo jengine."

Mwezi 9

Bi Mwatum hapendi uji wangu. Kasema una madonge. Hauna.

Mwezi 15

Viroba vilivyovutwa alfajiri tangu tuanze kipupwe vimejaa bandani, na wenzetu wanataka kuvitupa. Nikamtuma Kauthar awaambie tutaviosha. Wakapiga kelele: tena? Tena, lakini si kwa maji yenye njaa. Kachota maji kwenye jaruba ambalo chumvi ndiyo kwanza inaanza kukaa, maji yaliyoshiba chumvi mpaka hayawezi kuongeza hata punje. Wakayaacha yachemke kwa jua mpaka alasiri, wakaoshea hayo. Maji yaliyoshiba chumvi hayaili chumvi. Lakini mchungu hayajamshiba, yamemchukua wote. Viroba sita vimeingia, vimetoka sita kasoro pakacha moja.

Kauthar kaja mbio kunieleza, ushungi umemshuka mabegani, anacheka. Sijawahi kumwona meno yake yote.

Mwezi 20

Wote kumi na moja sasa wanavuta alasiri na wanamwaga maji machungu yangali moto. Hakuna aliyeniomba radhi na sikungoja.

Mwezi 29

Tumejaza majaruba madogo kwa ajili ya mavuno ya Suhaib. Maji safi, hayana mabaki. Silima kapita na kamba, kapima kutoka mkoko mpaka banda. Kauthar kamwambia, "Pima, kaka, usichoke. Ukimaliza utusaidie kubeba."

Hiyo sauti kaitoa kwangu.

Mwezi 3, Mfunguo Sita

Mvua. Kipupwe kinamalizika na mvua inanyesha, nani kaiita? Ilianza adhuhuri, niko kwa Bi Mwatum, nimemweka juu ya mito anakula. Bati likapiga kelele mpaka hatusikilizani. Maji yale yasiyojua chumvi yanamwagikia juu ya kazi ya siku tano, na mimi nimeshika kijiko cha uji.

Nilitaka kukimbia. Nimesimama, nimevaa kandambili. Bi Mwatum peke yake angeanguka ubavuni, asingeweza hata kuita. Nikavua kandambili.

"Nenda," akasema.

"Nyamaza, kula."

"Mwanangu... anajua?"

Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna. Nilimwambia mara moja tu, huku tunamgeuza mama yake: mvua ikinyesha usikoroge, usipite ndani na miguu yako. Maji ya mvua ni mepesi, yatakaa juu ya yale makali kama samli juu ya mchuzi. Fungua pale juu tu, yale mepesi yatoke peke yao, kabla upepo haujayachanganya. Mara moja tu nilimwambia.

Tumekaa, Bi Mwatum na mimi, tumeshikana mikono kama wasichana wanaosubiri posa. Alasiri ikaingia. Mvua ikakatika. Jua limeinama ndipo Kauthar akaingia, kalowa mpaka mifupani, tope mpaka mapajani.

"Nimefungua juu," akasema. "Suad mwenzetu alitaka kuingia ndani na ndoo, nikamvuta kwa kanga tukaanguka wote wawili. Jaruba moja limeharibika, lile tuliloangukia. Saba mazima."

Nikamfuta uso kwa upindo wa kanga yangu. Sikumsifu. Nilimpa ule uji wenye madonge, kaumaliza wote.

Mwezi 9

Tumevuta. Jua kali, maji yanachoma vidole. Bi Mwatum tumembeba kwa kiti, wanawake wanne, tukamweka kwenye kivuli cha banda. Alitaka kuona. Aliona, kisha akasema reki zetu zimepinda.

Mwezi 10

Suhaib kaja. Silima kaja kabla yake, na watu wawili wenye majembe. Majembe, Nadhira, hata kabla mtu hajaonja.

Suhaib kafungua kiroba cha kwanza, katia mkono mpaka kwenye kiwiko, katoa mkono. Mkono ulikuwa mkavu. Kautazama. Kachukua punje, kaweka ulimini. Kafungua kiroba cha mwisho kabisa, maana si mjinga, chema huwekwa mbele. Kaonja. Kisha kachukua punje nyengine, akaila, na nyengine, kama mtu anayekula njugu akizungumza.

"Suhaib," nikamwambia, "hiyo unayoila ni mali ya watu."

"Samahani, Bi Mwanawema." Akageuka kwa kijana wake wa gari. "Pakia."

Nikamgeukia Silima. "Hawa wa majembe usiwarudishe bure. Ule msingi, mfereji wetu wa kumwagia maji machungu, umejaa mchanga. Waambie wauchimbe."

Kwa muda nilidhani ataondoka. Kisha akasema, "Sawa, Bi Mwanawema." Kwa jina langu. Wakauchimba mpaka magharibi, naye Silima kavua viatu vyake vile akaingia msingini.

Mwezi 11

Kesho Maulidi. Nakaanga kaimati. Shira nimeiacha ipoe kwa makusudi, ifanye mawe, nimpelekee Bi Mwatum ayanyonye, anayapenda.

Buku limekwisha karatasi, namalizia kwenye jalada. Nadhira, ukija usije asubuhi. Shuka jua limekwisha kupinda, na kwangu usipite, sipo. Pita majarubani kwanza, mwambie Kauthar akupe reki, uvute mpaka viganja vikuwake, na yale maji machungu uyafungulie mwenyewe yangali moto. Kisha njoo kwa Bi Mwatum. Mwamkie yeye kabla yangu, na uji wangu akikukaribisha usikatae. Kile kitabu chako uje nacho, unifungulie ile karatasi inayosema chumvi haijali joto, unipe na kalamu. Chini yake nataka kuandika mstari mmoja, habari ya yule mwenzake mchungu, na wewe utakaa hapo hapo unisubiri nimalize.